Orodha Inayotafutika: Kazi Safi Unaitambuaje?

Fungua programu yoyote ya kompyuta ya mezani yenye orodha ndefu, tuseme ya wanachama wa SACCOS, uandike "Mwana" kwenye kisanduku cha kutafutia. Achana na rangi na vitufe. Angalia uteuzi unatua wapi. Kama Mwanahamisi ndiye wa kwanza, achaguliwe yeye na orodha isogee mpaka aonekane. Programu mbovu humchagua huko chini nje ya dirisha, karani akadhani hayumo.

Ongeza herufi: "Mwanai". Sasa Mwanaidi achaguliwe papo hapo, vidole vikiwa bado kisandukuni. Hapa ndipo ninapompima aliyetumia Windows Forms. ListView ya .NET Framework ina sifa iitwayo HideSelection, ambayo isipoguswa huwa imewashwa: ukiwa unaandika kwingine, mstari uliochaguliwa hauonyeshi rangi yoyote. Fundi makini huizima. Ni mstari mmoja wa msimbo, lakini unakuambia kama mwenyewe aliwahi kukaa akaitumia kazi yake.

ListBox nayo ina FindString, ambayo haijali herufi kubwa wala ndogo, ila hulinganisha mwanzo wa maandishi tu. Ukiandika "juma", Mwanajuma humpati. Kwa majina yetu hilo ni upungufu mkubwa. Nataka programu inayotafuta hata katikati. Tena FindString ikifika mwisho wa orodha huzunguka ikaanza juu. Anayetaka kuchagua wote wanaolingana, asipoangalia kama nafasi mpya imerudi nyuma, kitanzi chake hakiishi na programu inaganda.

Jaribu pia "Chang'ombe". Ritifaa iliyonyooka ya kibodi na ile iliyopinda inayowekwa na Word ni alama mbili tofauti kwa kompyuta. Programu nzuri huzisawazisha kabla ya kulinganisha.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni la jina lisilokuwepo. FindString hurudisha -1, na wengi huandika: ikiwa si -1, chagua, basi. Matokeo yake, aliyechaguliwa awali anabaki amechaguliwa. Karani ameandika "Mwanakombo", hayumo, Mwanaidi bado anang'aa. Akibonyeza Enter, amana inaingia kwenye akaunti ya Mwanaidi. Kazi safi hufuta uteuzi, huzima kitufe cha kuendelea, na kuandika wazi "Hakuna jina linalolingana" palepale chini ya kisanduku, bila kidirisha cha onyo cha kumkatiza anayeandika.