Kikoa cha Porini: Uhakiki wa Mvuto wa Michezo ya Kunusurika katika Televisheni

Miongoni mwa mambo ambayo wanafunzi wa fasihi hapa kwetu hatujayashughulikia ipasavyo ni ile michezo ya televisheni ambayo ndani yake watu hupelekwa porini au kisiwani, wakashinda na njaa, wakashindanishwa, wakapunguzwa mmoja mmoja mpaka akabaki mshindi anayeondoka na fedha. Mchezo wa namna hii ulianza kuonyeshwa Sweden mwaka 1997 kwa jina la Expedition Robinson, jina linalomkumbusha msomaji Robinson Crusoe wa Daniel Defoe. Mwaka 2000 Wamarekani wakatoa Survivor yao, na mpaka leo bado inatengenezwa. Hapa Unguja nayo ina wapenzi wake, na baadhi yao ni sisi sisi wanafunzi, ingawa darasani tunajifanya hatuijui.

Ukiuliza kwa nini inapendwa, aghlabu utapata majibu mawili. Wa kwanza atakwambia hiyo ni kasumba tu: Mzungu kashiba, anataka kucheza na njaa ya watu wengine. Wa pili atakwambia kinachovutia ni ushujaa, yaani mapambano ya binadamu na maumbile, simba, jua na kiu. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja linaloeleza kwa nini mtu anangoja wiki nzima aone kitakachotokea. Rai yangu katika makala haya ni kwamba michezo hii inavutia kwa sababu inaweka hadharani khofu ya zamani kabisa ya binadamu anayeishi na wenzake: khofu ya mtu unayekula naye sinia moja. Pori ni jukwaa tu.

Kwa kuthibitisha rai hii nitatumia kazi moja iliyo karibu na sisi, nayo ni Survivor: Africa. Ilipigwa picha mwaka 2001 katika hifadhi ya Shaba, upande wa Isiolo, Kenya. Washindani 16 kutoka Marekani walikaa huko siku 39. Waligawanywa makundi mawili, moja likaitwa Boran na jingine Samburu, kila kundi na boma lake la miiba. Maji walikuwa wakiyafuata kisimani na kuyachemsha kabla ya kuyanywa. Usiku walikesha kwa zamu kando ya moto kwa kuwachelea simba. Kundi linaloshindwa katika mashindano ya kinga linakwenda barazani na kumpigia kura mwenzao mmoja aondoke. Makundi yalipounganishwa, kundi jipya likaitwa Moto Maji. Mwisho walibaki wawili, na wale saba waliotolewa mwishoni ndio waliokaa kama mahakimu. Kwa kura 5 kwa 2 walimchagua mcheza mpira Ethan Zohn, akachukua dola milioni 1.

Sasa tujiulize: katika watu 16 hao, simba alimla nani? Hakumla mtu. Wote waliokosa fedha zile walikoseshwa na wenzao. Simba ananguruma usiku, tunatishika kidogo, lakini usiku unaomtoa mtu ni usiku wa kura. Hata historia ya Shaba yenyewe inatufunza jambo hilo hilo. Joy Adamson, mwandishi wa kitabu mashuhuri kuhusu simba Elsa, alikutwa amekufa huko Shaba mwezi wa Januari 1980. Khabari za mwanzo zilisema kauliwa na simba. Uchunguzi ulipofanywa ikabainika kauliwa na binadamu, na aliyetiwa hatiani ni mtu aliyewahi kumfanyia kazi. Simba alisingiziwa bure. Wahenga wetu walikwishayasema haya zamani: kikulacho ki nguoni mwako.

Mtu anayedhani umbo hili la hadithi limeletwa na Wamarekani, basi na arudi kwenye kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi mwaka 1913. Wengi tunakumbuka tupa ndani ya mkate na sindano ya shaba kitovuni. Lakini kuna tukio jingine ambalo tunalipita haraka, nalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kwa mada hii. Liyongo amekimbilia mwituni, anaishi na watu wa huko, Wasanye na Wadahalo. Mfalme wa Pate anawapelekea watu hao ahadi ya fedha ili wamuue. Wao hawamvamii, kwani wanamjua nguvu zake. Wanamwambia: tule kikoa. Leo huyu, kesho yule, na zamu ya mwisho iwe ya makoma: kila mmoja apande mkoma awaangushie wenzake. Hila ni kwamba zamu ya Liyongo itakapofika, akiwa juu mtini, wa chini wamfume mishale. Liyongo akang'amua. Zamu yake ilipofika hakupanda. Alichukua mshale akayaangusha makoma akiwa amesimama chini.

Hebu tuviweke visa hivi viwili pamoja. Kuna mwitu, kuna chakula cha shida, kuna watu waliokutanishwa na hali na wakalazimika kula pamoja. Kuna mwenye fedha ambaye yuko mbali, hali njaa wala halali nje, lakini ahadi yake ndiyo inayoendesha kila kitu. Na kuna kikoa, yaani ule utaratibu wa kuaminiana, ambao umegeuzwa mtego. Katika utenzi mwenye fedha ni mfalme wa Pate. Katika televisheni ni kampuni inayotengeneza kipindi. Kile ambacho washindani wa Survivor hukiita ushirika, watu wanne kuapiana kwamba hawatapigiana kura, si lolote ila ni kikoa cha makoma. Kila mmoja anajua kuna siku atatakiwa apande mti, na hapo macho yake hayatakuwa juu kwenye matunda, yatakuwa chini kwa wenzake.

Kwa upande wa fani, michezo hii imeazima mbinu zake nyingi kutoka kwenye tamthilia. Mbinu kubwa ni uzungumzaji nafsi. Mshindani anatolewa pembeni, anakaa mbele ya kamera na kutuambia sisi watazamaji yale ambayo mwenzake hayajui. Dakika mbili baadaye tunamwona amekaa na mwenzake huyo, wanacheka, wanagawana uji. Hapo ndipo mtazamaji anapofungwa kamba. Anajua zaidi ya mhusika, anataka kumpigia kelele, na hawezi. Ni utamu ule ule anaoupata msomaji wa Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere: tunajua nani kaficha jambia ndani ya nguo, na Kaizari anaendelea kuwakaribisha kama marafiki. Mtazamaji hapo anageuka mhakiki bila ya kujijua. Anasoma macho ya watu, anapima maneno, anatabiri kura. Mimi nimewahi kuwasikia wenzangu dakhalia wakibishana juu ya tabia ya mshindani mmoja kwa uhodari ambao, wallahi, sijauona katika semina zetu za riwaya.

Msomaji makini anaweza kunipinga hapa. Atasema: mbona kuna mchezo kama Alone, ulioanza mwaka 2015, ambao hauna kura wala kundi? Humo watu 10 hupelekwa kila mmoja mahali pake, hawaonani, kila mtu anajipiga picha mwenyewe, na anayedumu zaidi ya wenzake ndiye mshindi. Kuna msimu, ulioonyeshwa mwaka 2020, ambao mshindani mmoja alitimiza siku 100 kando ya Great Slave Lake huko Kanada, akapewa dola milioni 1. Huyo kikoa chake ki wapi? Nakubali ni pingamizi nzito. Lakini tuangalie sababu zinazowafanya watu wajitoe. Wapo wanaotolewa na njaa au maradhi, hilo kweli. Wengi lakini hutolewa na upweke. Mtu ana kuni, ana samaki, ana banda imara, na ghafla analia mbele ya kamera, anamtaja mkewe na watoto, kisha anabonyeza kile kidude cha kuomba achukuliwe. Kwa hiyo Alone inathibitisha rai yangu kwa kuigeuza. Katika Survivor mtu anateswa na wenzake waliopo. Katika Alone anateswa na wenzake wasiokuwapo. Maumbile katika kazi zote mbili yamebaki kuwa mandhari.

Na kwa kuwa maumbile ni mandhari tu, mahali popote panatosha, na hapa ndipo ninapokubaliana na wale wa jibu la kwanza, wa kasumba. Boran na Samburu ni majina ya watu. Ni wafugaji wa upande huo huo wa Isiolo, ambao kwao kisima na malisho ni suala la uhai na mauti, na ukame ukizidi hata damu imewahi kumwagika. Watayarishaji waliyachukua majina hayo wakawavisha Wamarekani 16 kama jezi. Wenye majina wanapita kwa nyuma, wakiwa wauza mbuzi au wachezaji ngoma. Kiu ya mshindani ina tarehe ya mwisho, siku ya 39, na ana daktari anayemngoja. Kiu ya mfugaji haina hesabu hiyo.

Na sisi Unguja hatukusalimika. Mchezo mwingine wa Wamarekani, The Amazing Race, ulipita hapa katika msimu ulioonyeshwa mwaka 2007. Mjini washindani walipewa waunge vipande vya picha ya Tingatinga au wasukume mkokoteni, na huko Kikadini, pwani ya kusini mashariki, wakatakiwa warushe rungu la Kimaasai. Rungu! Katika kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani! Wamaasai wapo katika fukwe zetu, ni kweli, lakini wamekuja kufuata riziki ya utalii kama walivyokuja wengine. Mtunzi makini angeliuliza wamefikaje pale, na angepata hadithi nzuri tu ya kunusurika. Mtayarishaji hakuwa na haja nayo. Alitaka Afrika, na kwake Afrika ni rungu.

Hata hivyo, kulalamikia rungu peke yake hakutoshi. Nadhani kuna sababu khasa inayotufanya sisi wa visiwani tuipende michezo hii, nayo ni nzito kuliko kasumba. Kisiwa hakina mlango wa kumtolea mtu. Uliyegombana naye leo utakutana naye kesho Darajani, keshokutwa mazikoni, na Ijumaa mnagusana mabega safuni. Baada ya uchaguzi wa 1995 na wa 2000 walikuwapo watu, Pemba na Unguja, waliosusiana: dukani kwake huingii, harusini kwake huendi, wengine hata maziko walisusiana. Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano. Muafaka baina ya CCM na CUF ukatiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001. Siku ya pili yake, huko Marekani, Survivor: Africa ikaanza kuonyeshwa. Matukio haya hayana uhusiano wowote, na sitaki msomaji anifahamu vibaya. Ninachosema ni kwamba kwa watazamaji wa huko kumpigia mtu kura aondoke ni burudani ya jioni. Kwa mtazamaji wa hapa kura ina kumbukumbu. Anapoona watu wanatoana kwa karatasi, kisha anayetolewa anazimiwa mwenge wake na kuondoka kwa miguu yake, akiwa mzima, anaona jambo ambalo angependa liwe rahisi namna hiyo.

Fasihi na maisha yetu yana umbo jingine la kuliweka mbele ya umbo hilo. Mvuvi wa Nungwi au wa Makunduchi anapokwenda dago, analala wiki au miezi ufukweni mwa ugenini, chini ya banda la makuti, anakausha ng'onda, maji anayatafuta, na bahari haimpi ahadi. Huko nako kuna ugomvi, kuna choyo, kuna kuteta. Lakini mapato yana mafungu yanayojulikana: fungu la chombo, fungu la nahodha, fungu la baharia. Mtu hapati zaidi kwa sababu mwenziwe kapungua. Akipungua, nani atavuta jarife? Hesabu ya dago na hesabu ya Survivor zinakwenda kinyume kabisa. Vile vile tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na karibu theluthi mbili yao wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kwa jicho la uhakiki, ile ilikuwa kura ya kumbakisha mtu kikoani. Kwamba kikoa chenyewe kilitikisika, kama tulivyoona uchaguzi ulipofutwa mwaka 2015, hakuondoi uzito wa kura ile. Kunaonyesha tu kwamba kula pamoja ni kazi ngumu kuliko kutoana.

Kwa kuhitimisha, naona si busara kuidharau michezo hii, na si busara kuimeza nzima nzima. Inatufunza kwamba hadhira bado ina njaa ya hadithi ya kikoa na mshale, na kwamba mbinu za utenzi na tamthilia hazijafa. Udhaifu wake ni kwamba inajua mwisho mmoja tu, wa mtu kubaki peke yake na fedha zake. Anayeandika riwaya au tamthilia ya visiwani ana mwisho mwingine wa kuujaribu, nao ni mgumu kuutunga: waliobaki wote, wanajuana hila zao zote, na kesho alfajiri lazima wakashue chombo kimoja. Mwenye rai tofauti namkaribisha ashike kalamu.