Utu na Unyama katika Maandishi ya Wenye Manyoya

Neno unyama katika Kiswahili ni neno la lawama. Mtu akimpiga mtoto hata akamvunja mkono, husemwa kwamba amefanya unyama. Na asiye na huruma huambiwa hana utu. Lugha imeyaweka maneno haya mawili yatazamane kama vitanga viwili vya mizani: kimoja kikipanda, cha pili hushuka. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akutanaye kwa mara ya kwanza na maandishi ya watu wa Marekani ambao jina lao la Kiingereza latokana na neno lenye maana ya manyoya, huona kinyume cha mazoea yake. Hao hujitwalia sura ya mnyama ili waeleze utu wao.

Nitawaita Wenye Manyoya. Jina hili lina faida moja ambayo Kiingereza hakina, maana manyoya kwetu ni ya paka na ya kunguru pia, na miongoni mwao wamo waliojichagulia ndege. Wenye magamba, yaani wale waliojifanya majoka na mijusi, watatusamehe. Wao si dhehebu la dini, wala si wagonjwa wanaodhani wamegeuka wanyama. Ni watu wapendao hadithi na picha za wanyama wenye akili na mwenendo wa kibinadamu, na wengi wao hujitungia mnyama mmoja, mwenye jina, rangi na tabia, ambaye kwa kinywa chake husema habari za nafsi zao. Mavazi ya manyoya ya mwili mzima, ambayo ndiyo hupigwa picha sana na magazeti, huvaliwa na wachache tu kati yao.

Mwanzo wa maandishi haya haukuwa katika vitabu vya kuuzwa madukani. Mwaka 1976 Ken Fletcher na Reed Waller, wachoraji wa Minneapolis, walianzisha mkusanyo ulioitwa Vootie. Na mwaka 1984 Marc Schirmeister akaanzisha mwingine, Rowrbrazzle. Utaratibu wake wastahili kuelezwa, kwa kuwa ndio uliozaa mtindo. Kila mwanachama huchapa kurasa zake mwenyewe, nakala kadiri ya idadi ya wenzake, akampelekea mhariri; mhariri huzipanga zote pamoja, akazifunga, na kumrudishia kila mmoja kitabu kizima. Mhariri hakati neno wala harekebishi. Mwanachama huchora, hutunga kisa, hueleza alivyofukuzwa kazi au alivyougua, kisha hujibu yale waliyoandika wenzake katika mkusanyo uliopita. Haya ni maandishi ya nafsi, lakini ni ya nafsi isimamayo mbele ya hadhira iliyohesabika, ambayo lazima itajibu.

Hapo ndipo ninapoona ubora wao. Anayejitungia mnyama ana kishawishi kikubwa cha kumfanya mzuri, hodari, mpendwa wa kila mtu. Na kusema kweli kurasa nyingi za namna hiyo huchosha, maana ni kujisifu kulikofunikwa ngozi. Majigambo sisi twayajua, wala hatuyachukii. Lakini mwenye kujigamba kwetu hujua kwamba yupo mwingine anayengoja zamu yake. Penye jibu, majigambo huwa mchezo wa watu wazima. Pasipo jibu, mbweha mzuri hubaki akijitazama katika maji.

Kipimo ninachokitumia kwa maandishi haya ni chepesi. Mwondoe mnyama, weka mtu mahali pake, kisha tazama kama kisa kimepungukiwa. Steve Gallacci, aliyeanza kutoa kitabu chake cha picha kiitwacho Albedo katika miaka ya 1980, amesimulia habari za Erma Felna, paka wa kike aliye ofisa wa jeshi katika nyota za mbali. Viumbe wa ulimwengu huo wana serikali, sheria na vita, lakini hawajui asili yao. Historia yao hairudi nyuma sana, kisha ni giza. Weka wanadamu mahali pao na swali hilo hufa papo hapo, kwa maana sisi twadhani twajua tulikotoka. Hapo mnyama hawezi kuondolewa.

Katika kitabu hicho hicho, mwaka 1984, alitokea kwa mara ya kwanza Miyamoto Usagi wa mtunzi Stan Sakai, mzaliwa wa Kyoto aliyekulia Hawaii. Usagi kwa Kijapani ni sungura, na jina lake limefuatisha lile la Miyamoto Musashi, mpiga upanga mashuhuri wa Japani. Masikio yake yamefungwa juu ya kichwa kama shungi la askari wa zamani. Msomaji wetu atamtazamia ujanja, na ataukosa. Huyu ni mkweli, mwenye heshima, naye hushinda kwa upanga. Sungura wetu hushinda kwa sababu hana upanga. Mgeuze Sungura wa hadithi zetu awe mtu, na papo hapo atakuwa tapeli mwenye kustahili kufungwa. Ni udogo wa mwili wake mbele ya Simba na Fisi utufanyao tumsamehe uongo wake. Kwa kipimo changu, basi, Usagi ameanguka na Sungura amefaulu, ingawa kwa uzuri wa mstari wa kalamu Sakai hana haja ya utetezi wangu.

Je, wazo la kwamba mnyama aweza kumshinda mtu kwa utu ni geni kwetu? Hapana. Katika hadithi ya Sultani Darai, iliyopigwa chapa na Edward Steere London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Unguja, paa aliyenunuliwa na maskini kwa themuni moja humpatia bwana wake mke, nyumba na ufalme; naye alipougua, bwana huyo hakumjali hata akafa. Hapo mizani imegeuka: utu wote u kwa paa, na unyama wote u kwa mtu. Hadithi ilikwisha kulisahihisha neno kabla ya wenye kamusi. Tofauti ni kwamba msimuliaji wetu hakusema kamwe, "Mimi ndiye paa." Nafsi ya kwanza ndiyo waliyoileta Wenye Manyoya, na ndiyo impayo mfasiri taabu.

Taabu ya kwanza ni ya sarufi. Kiingereza kina kiwakilishi cha kitu, ambacho hutumika pia kwa mnyama, na kingine cha mtu. Mwandishi akimwita mbweha kwa kile cha mtu, amempandisha daraja kwa neno moja tu. Kwetu mbweha amekuja, mtu amekuja, na nzi naye amekuja. Upatanisho wetu umewapa hadhi hiyo wote tangu zamani, hivyo tendo la mwandishi hupotea katika tafsiri. Lakini tuna mlango mwingine. Twasema mbwa wangu, lakini rafiki yangu, baba yangu, adui yangu; wangu kwa mnyama hudokeza umilikaji, na yangu hudokeza uhusiano. Kuandika "mbweha yangu" ni kuumiza sikio bila sababu. "Mbweha, rafiki yangu" yatosha, na herufi kubwa ifanye kazi iliyobaki. Tena mbweha mwenyewe ana mashaka, kwani mbweha wa nyika zetu si yule wa Ulaya aliyebeba sifa ya ujanja. Sifa hiyo kwetu ina mwenyewe.

Yapo masuala mazito kuliko sarufi. Mkutano wao wa kwanza mkubwa ulifanywa Costa Mesa, California, Januari 1989, wakahudhuria watu 65. Ule wa Pittsburgh mwaka 2023 ulizidi watu 13,000. Kadiri walivyoongezeka, ndivyo wengine walivyozidi kuwasimulia. Desemba 2014 gesi ya klorini ilimwagwa katika hoteli ya Rosemont, karibu na Chicago, walimokutana, na watu 19 wakapelekwa hospitali. Mwaka 2022 baadhi ya wanasiasa wa Marekani walieneza habari kwamba shule zimewawekea wanafunzi vyombo vya mchanga vya paka wajisaidie humo. Ilipochunguzwa haikuonekana shule hata moja iliyofanya hivyo. Watu wanaosimuliwa namna hii wana haki ya kusomwa katika maandishi yao wenyewe, na kuhakikiwa kwa ukali ule ule tunaowahakiki nao wengine. Fred Patten, aliyefariki mwaka 2018, aliifanya kazi hiyo miaka mingi, akikusanya, akihariri na kuandika mapitio, ijapokuwa mara nyingine alikuwa mpole mno kwa rafiki zake.

Likitakiwa la kutafsiriwa kwanza, ningechagua habari za Erma Felna, ziwekwe kando ya Sultani Darai katika darasa moja, na wanafunzi waambiwe watafute katika kila ukurasa mahali ambapo neno unyama lingeweza kuandikwa bila kulaumu.