Picha za Sura Katika Kazi ya Diego Velázquez

Picha ya sura, yaani mchoro unaokusudiwa kumwonyesha mtu mahususi anayetambulika kwa uso, umbo na hadhi yake, ilihesabiwa na wengi walioandika juu ya sanaa katika Ulaya ya karne ya 17 kuwa kazi ya daraja la chini kuliko picha za visa vya Biblia na historia, kwa hoja kwamba anayenakili kilicho mbele ya macho yake hana haja ya kubuni. Hoja hiyo inakanushwa na maisha ya Diego Velázquez, aliyezaliwa Seville, Hispania, mwaka 1599.

Mwaka 1623 alimchora Mfalme Philip IV mjini Madrid, na kwa kazi hiyo akapewa cheo cha mchoraji wa mfalme, naye akiwa na miaka 24 tu. Tangu hapo riziki ilikuwapo, ila uso wa kuchorwa ulikuwa uleule mwaka baada ya mwaka. Na pengine ndipo ustadi ulipokomaa, kwa kuwa asiye na ruhusa ya kugeuza kidevu cha bwana wake hubakiwa na kugeuza namna ya kukitazama. Picha zake za mwanzo zina mipaka mikavu na rangi iliyolazwa sawasawa, ilhali za baadaye zimepakwa kwa mapigo mepesi ya burashi, ambayo kwa karibu ni madoa matupu na kwa mbali ni hariri, nywele na ngozi.

Kilele cha mbinu hiyo, kuliko hata picha zote za mfalme, ni picha ya mtumwa. Juan de Pareja, msaidizi katika karakana ya Velázquez na mali yake kisheria, alichorwa Roma mwaka 1650, katika kipindi kilekile bwana wake alipomchora Papa Innocent X. Amesimama kiungwana, mkono mbele ya kifua, ukosi mweupe shingoni, akimkabili mtazamaji bila unyonge. Heshima hiyo, ni haki kusema, ilitolewa na mkono uleule uliommiliki. Mwezi Novemba mwaka huohuo Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru, kwa sharti la kumtumikia miaka 4 zaidi. Pareja akawa mchoraji kamili, na katika picha yake ya mwaka 1661 kuhusu wito wa Mtakatifu Mathayo, iliyomo katika makumbusho ya Prado, Madrid, alijichora mwenyewe akishika karatasi yenye saini yake.