Mtindo na Ushahidi katika Filamu ya Hali Halisi: Mfano wa The Thin Blue Line

Katika uhakiki wa fasihi imezoeleka kusemwa kuwa fani ni chombo na maudhui ndiyo yaliyomo. Filamu za hali halisi zihusuzo kesi za jinai zaonyesha upungufu wa kauli hiyo, kwani humo fani ndiyo inayoamua jambo gani lihesabiwe kuwa ushahidi.

Bill Nichols, katika kitabu chake cha mwaka 1991, alibainisha mitindo minne ya filamu hizo: wa ufafanuzi, ambamo sauti ya msimulizi humwongoza mtazamaji, wa utazamaji, ambamo kamera hufuata mambo yanapotokea, wa mahojiano, na wa kujihoji, ambamo filamu hutilia shaka uwezo wake yenyewe wa kusema kweli. Kila mtindo humweka mtazamaji mahali tofauti. Msimulizi humfanya kuwa mwanafunzi. Utazamaji humketisha mahakamani, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Paradise Lost (1996) ya Joe Berlinger na Bruce Sinofsky, iliyofuata kesi za mauaji huko Arkansas mwaka 1994.

The Thin Blue Line (1988) ya Errol Morris yashika njia nyingine. Yahusu kuuawa kwa askari wa polisi mjini Dallas, Texas, Novemba 1976. Randall Dale Adams alihukumiwa kifo mwaka 1977, hasa kwa ushahidi wa David Harris, aliyekuwa na umri wa miaka 16 usiku wa mauaji. Mwaka 1980 adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Morris hakuweka msimulizi. Aliwaacha wahusika waseme, kisha akayaigiza mauaji upya kwa kufuata maneno yao. Mara askari mwenziwe marehemu yumo garini, mara yuko nje. Kikombe cha kinywaji cha maziwa chapaa hewani polepole, kwa kuwa mahali alipokuwa askari huyo ndipo penye swali la alichoweza kuona.

Yaweza kudaiwa kwamba maigizo ni ubunifu, na ubunifu hauna nafasi katika hali halisi. Dai hilo halina uzito hapa. Hakuna igizo linalotolewa kuwa ndilo tukio lenyewe. Kila moja ni picha ya kauli ya mtu. Igizo moja lingekuwa dai. Maigizo yanayopingana ni hoja.

Hata hivyo, dosari ipo. Mauaji yanayorudiwa rudiwa, yakiandamana na muziki wa Philip Glass, hukaribia kuwa pambo. Askari huonekana akianguka tena na tena, lakini maisha yake hayasimuliwi. Mtindo uliomtetea mfungwa umemsahau marehemu.

La ajabu ni kwamba filamu hii iliyosifika kwa picha yamalizikia katika sauti tupu. Kamera iliharibika siku ya mahojiano ya mwisho. Kilichobaki ni kinasa sauti mezani, na Harris akikiri kwa kuzungukazunguka kwamba Adams hakuua. Mwaka 1989 mahakama ya rufani ilitengua hukumu, na Adams akaachiliwa. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Kwa Adams ilikuwa ya zaidi ya miaka 12.