Aproni nyeusi kando ya dirisha

Picha ziko 22. Nilizipakua zote kwa ukubwa wake kamili, saa saba usiku, kwa bando la usiku ambalo ni rahisi, na kila moja ilikuja na MB 12 hadi 15. Zilipigwa kwa lenzi mpya ya milimita 85, f/1.8, ya kampuni moja ya China. Jina lake sitaliandika, kwa sababu ninachokosoa hapa si lenzi. Nilipokuwa nazitazama sikuwa nimeishika lenzi yenyewe, na huo ndio ugomvi wangu. Mtu wa Nshamba anatakiwa azitazame picha hizo, aziamini, atume laki sita Dar es Salaam kwa simu, kisha asubiri boksi lishushwe na basi la Bukoba pale stendi ya Muleba. Tunaambiwa tusinunue mbuzi kwenye gunia. Hapa gunia lenyewe lilikuwa limechorwa mbuzi mzuri sana.

Lenzi ninayo. Ni Canon ya milimita 50, f/1.8, ile ya plastiki ya muundo wa 1990, niliyoinunua mtumba. Imenilisha. Imepiga harusi, komunyo za kwanza, vipaimara, na misiba mingi kuliko harusi. Lakini unyevu wa huku hauna huruma. Kuvu imeota kwenye vioo vya ndani kama utando wa buibui, na kila nikimpiga mtu aliyekaa mbele ya mlango au dirisha, picha inatoka kama imepigwa kupitia moshi wa jikoni. Ndiyo maana nilikuwa natafuta nyingine. Na nilikuwa na haraka. Nitasema kwa nini.

Ukitazama sampuli za lenzi kwa miezi kadhaa unagundua kwamba ni utanzu kamili, wenye kanuni zake kama shairi lilivyo na vina. Lazima awepo msichana mwenye nywele za dhahabu, jua likiwa nyuma yake linakaribia kuzama. Lazima awepo paka. Lazima uwepo ukuta wa matofali, kikombe cha kahawa, na mtaa wa jiji usiku wenye taa zilizoyeyuka kuwa miduara. Hizi 22 hazikuvunja kanuni hata moja.

Paka yupo kuonyesha ukali. Unaikuza picha, unahesabu manyoya moja moja, unavutiwa. Lakini paka huyo alikuwa amelala. Aliyelala haisumbui fokasi; nipigieni bibi harusi anayeingia ukumbini akicheza, ndipo tuzungumze. Kikombe cha kahawa kilichorwa jani kwa povu la maziwa, nami nilikitazama muda mrefu kuliko kilivyostahili. Sisi tunaanika buni, na nyingine tunazichemsha na kuzitafuna. Picha ya kahawa ninayoijua ni ya mikono.

Taa za usiku zipo ili uone miduara ilivyo laini. Lenzi yangu ya zamani ina visu vitano kwenye kitundu chake, hivyo nikikibana kidogo, taa zote za nyuma zinageuka pembetano. Nimewahi kuzipiga Novemba, msimu wa senene, watu wanapokesha na taa kali juu ya mabati: giza lote limejaa pembetano za njano, na wadudu wanapita katikati yake. Ni kasoro, najua. Naipenda kuliko miduara yao.

Ukuta wa matofali nauheshimu. Hakuna anayeupenda, hauna hadithi, lakini ukienda kwenye pembe nne za picha unaona wazi mahali mistari inapoanza kulegea, na hapo hakuna wa kukudanganya.

Niliyokaa nayo sana ni ile ya msichana. Jua liko nyuma ya sikio lake, nywele zimewaka, na juu ya uso kuna ukungu mwembamba wa dhahabu ambao wauzaji wa lenzi wanauuza kama hisia. Ukungu huo una maelezo. Jua linapoingia moja kwa moja kwenye lenzi, sehemu ya mwanga haifuati njia. Inadundadunda kati ya vioo vya ndani, kisha inasambaa juu ya picha nzima kama maziwa kwenye chai. Kila penye giza panasogezwa kidogo kuelekea kijivu. Kwa uso ambao tayari uko karibu na mwanga, hilo ni pambo. Kwa uso wangu ni majivu. Mtu mweusi aliyemwagiwa mwanga huo anapauka kama mtu aliyetoka kuoga akasahau kujipaka mafuta. Picha ileile inayomfanya mmoja apendeze ingemfanya mwingine aonekane mgonjwa, na sampuli inatuonyesha mmoja tu.

Mweusi alikuwepo, nisiseme uongo. Picha ya 9, mzee wa makamo, ngozi inang'aa, kila mkunjo wa kipaji unasomeka. Nilifurahi, kisha nikalikuza jicho lake nikahesabu taa zilizojiakisi kwenye mboni: tatu, na nyuma yake pazia jeusi lisilorudisha mwanga wowote. Kwa taa tatu na pazia jeusi, hata kitako cha chupa kingetoa uso. Swali langu ni la mlango mmoja uliofunguliwa mchana.

Nina picha moja tu ya baba. Alifariki mwaka 1992, katika miaka ambayo huku haihitaji kuelezwa sana. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na mimi ni mmoja wa watoto wengi waliobaki na bibi. Kwenye picha hiyo amesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, saa sita mchana, amevaa shati jeupe. Shati linaonekana lote, vifungo unavihesabu. Uso ni doa. Nimeiskani, nimejaribu kuupandisha mwanga kwa programu tatu tofauti, na mle ndani hamna kitu. Bibi anasema nina macho yake. Namwamini kwa mdomo.

Lawama hiyo si ya lenzi. Ukuta na shati vilimdanganya aliyepima mwanga, na filamu za rangi nazo zilikuwa na mazoea yake. Kuanzia miaka ya 1950, Kodak ilizipa maabara kadi ya picha ya mwanamke Mzungu, ambayo mafundi waliiita Shirley, na ngozi yake ikawa kipimo cha rangi sahihi. Kadi yenye wanawake watatu wa rangi tofauti ilikuja katikati ya miaka ya 1990. Sisemi kwamba Shirley ndiye aliyefuta uso wa baba. Jua la saa sita na chokaa vilitosha. Nasema tu kwamba kupima picha zote kwa uso mmoja ni mazoea yaliyokuwepo kabla ya msichana wa nywele za dhahabu, na lenzi, ambayo kazi yake ni kupitisha mwanga tu, haina habari nayo. Habari anayo aliyechagua picha 22 za kutuonyesha.

Sasa haraka yangu. Bibi amevuka tisini. Mchana kutwa anakaa kwenye kigoda hatua moja ndani ya mlango wa mbele, mahali anapoweza kuona anayepita kwenye kibanja. Sakafu bado anatandika nyasi kama zamani. Macho yamefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na flashi haitaki kabisa. Nikiiwasha anafunika uso kwa khanga. Kwa hiyo mwanga ni ule wa mlango, na ukisimama ndani, mlango huo uko nyuma yake. Nilimpiga hivyo kwa lenzi yangu yenye kuvu, akatoka wa kijivu, kama kwamba tayari tunamkumbuka. Nilipomwonyesha kwenye kioo cha kamera alitazama kidogo, akanirudishia.

"Nipige vizuri, mjukuu wangu. Hiyo ndiyo mtakayoiweka juu ya sanduku."

Nilicheka kwa adabu. Yeye hakucheka.

Basi nilizitazama zile 22 nikiwa na swali moja: mtu mweusi akikaa kati yangu na mlango, lenzi hii itamfanya nini? Picha 20 hazikuwa na jibu. Ile ya msichana ilikuwa na jibu baya lililopambwa.

Picha ya 17 sijui iliingiaje humo. Mwanamke yuko jikoni, mahali penye baridi, dirisha kubwa liko ubavuni pake ndani ya fremu, na nje ni theluji tupu. Maelezo yanasema f/1.8, ISO 3200. Fokasi imekosea: kilicho kali ni bega na ukingo wa aproni, macho yamelegea. Mchaguzi makini angeitupa. Lakini aproni ni nyeusi, imegusana na dirisha, na ni nyeusi kweli. Nilipitisha kipimo cha programu juu yake, kutoka ukingo wa kioo hadi kiunoni, na weusi haukupanda. Mikunjo ya kitambaa nayo ilikuwepo, yaani hakuna aliyeizamisha baadaye kwenye kompyuta ili ionekane nyeusi. Ule mwanga wote wa theluji uliingia kwenye lenzi na haukumwagika.

Nikatuma laki sita kwa ajili ya aproni. Wenzangu wawili tunaopiga nao harusi niliwaeleza, wakaniuliza kama nimelala vizuri.

Boksi lilifika siku ya nne. Kijana wa bodaboda alilipandisha kutoka Muleba likiwa ndani ya koti lake, limebanwa tumboni, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Lenzi ilikuwa nzima, vioo safi, nzito kuliko nilivyodhani. Kesho yake mchana nilikwenda kwa bibi, nikamwamkia, nikasimama ndani pale ninaposimama siku zote, nikainua kamera, nikaona pua na shavu moja.

Kamera yangu ina sensa ndogo, kwa hiyo milimita 85 inabana kama 136 kwenye kamera ya sensa kubwa. Hilo nalijua vizuri, nimeshawafundisha wengine. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa gunia la maharage. Nikapata uso mzima bila kitambaa cha kichwani. Nyuma ya gunia ni ukuta. Kati ya picha 22, hakuna hata moja inayokuambia mpiga picha alisimama wapi, nami sikuwahi kuiuliza hata moja. Nilikuwa nimepima weusi wa aproni ya mtu nisiyemjua, sebule ya bibi sikuipima hata kwa hatua.

Nikatoka nje. Nilivuka ua, nikarudi kinyumenyume hadi nikaingia kwenye migomba, na kutoka pale mlango ukawa fremu, bibi yumo katikati. Mwanga niliouogopa miezi minne sasa ulikuwa nyuma yangu, unamwangukia yeye usoni. Utando wa kijivu haukuwa na pa kutokea. Kwa mwanga huo hata lenzi yangu yenye kuvu ingejitahidi, na aproni haikunisaidia kitu.

Majani ya migomba yaliutia mwanga ukijani kidogo, ukamkaa kwenye shavu la kushoto. Hilo sikuona kwenye sampuli yoyote, na sijaliondoa. Ndivyo tunavyoonekana huku mchana.

Bibi alikuwa amekunja uso, ananitafuta.

"Mbona unajificha kwenye migomba kama mwizi wa ndizi? Njoo karibu nikuone!"

Nikabonyeza hapo hapo, akiwa bado anasema. Fokasi imekaa kwenye jicho la kulia, na weusi wa ndani nyuma yake umetulia. Mdomo uko wazi, mkono mmoja uko hewani. Nilipomwonyesha alicheka hadi akakohoa, kisha akakataa katakata: hiyo haitakaa juu ya sanduku lake. Amesema nirudi Jumapili, akishatoka kanisani, kabla hajavua lile gauni la bluu.