Safari ya Wawili Isiyobisha Hodi

Zote huanza kabla jua halijachomoza. Begi linafungwa zipu, kahawa inamiminwa kikombeni, halafu mkono wa mwanamke unatoka dirishani na kuanza kuogelea kwenye upepo. Wimbo unaingia. Droni inapaa, na chini yake tunaona gari dogo jeupe likipita kati ya minazi, bahari upande mmoja, msitu upande wa pili. Kama umewahi kukesha na simu mpaka bando likaisha, unazijua hizi video: wapenzi wawili, gari moja, Mombasa hadi Malindi, wengine wanaishia Watamu, wengine wanapitia Diani kwanza. Dakika 20 hivi. Mwisho wanakaa mchangani wakitazama maji, na wewe umelala kwenye bedsita yako Roysambu ukijiuliza mbona ex wako hata Ngong hakuwahi kukupeleka.

Mimi nimezitazama nyingi, na sioni haya kusema. Nadhani zinastahili kuhakikiwa kwa makini yale yale tunayohakikia riwaya, kwa sababu kwa wasee wengi wa umri wetu hizi ndizo hadithi za mapenzi zilizopo. Riwaya wanaitafuta wakiwa na mtihani. Video inawatafuta yenyewe.

Kwanza niwape haki yao. Kwa miaka mingi picha ya pwani yetu ilipigwa na mgeni kwa ajili ya mgeni mwenzake. Ukichukua kadi za posta na vipeperushi vya zamani vya hoteli, utamkuta Mzungu amelala kwenye kiti cha ufukweni na Mkenya amesimama nyuma yake na trei. Sasa Mkenya ndiye amelala. Dada amesuka vizuri, amevaa dera la rangi ya embe, anacheka, hana trei mkononi. Hilo si jambo dogo, na anayelidharau pengine hajawahi kuulizwa na askari wa lango la hoteli, "Wewe unaenda wapi?" Kwa hivyo sina ugomvi na starehe. Watu wapumzike.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye ile picha ya gari likipita. Unaijua: kamera imesimama kando ya lami, gari linatoka mbali, linapita vuu, linapotelea kwenye kona. Sasa jiulize, kamera ilishikwa na nani, na hao wawili ndio wako ndani ya gari? Ama kuna mtu wa tatu hatumwoni, ama walisimamisha gari, mmoja akateremka na kutega kamera, wakarudi nyuma kilomita nzima, wakapita wakitabasamu, halafu wakageuza tena kuifuata. Kwenye jua la Kikambala! Mimi ningelipa kuona hiyo safari ya kurudi. Nani alikasirika? Nani alisema "wacha basi, tumechelewa"? Nani aliachwa kichakani na kamera, na alikuwa ni yeye kila mara? Hapo ndipo wapenzi wangejulikana. Hizi video zinatuahidi mapenzi halafu zinakata kila dakika ambayo mapenzi yangeweza kuonekana yakifanya kazi.

Wanavyokata mambo yao wenyewe, ndivyo wanavyowakata watu wengine wote. Barabara ya Mombasa kwenda Malindi ni kama kilomita 120, na haina nafasi tupu. Kuna foleni ya Mtwapa, kuna mashamba ya katani Vipingo yaliyopangwa safu kama daftari la hesabu, kuna viazi karai, kuna bodaboda na gunia la makaa, kuna watoto wa shule wanaovuka bila kuangalia. Kwenye video hii yote inakuwa ukungu wa kijani unaokimbia dirishani. Bei hazitajwi. Njia haiulizwi. Hakuna anayesema hodi, hakuna anayeambiwa karibu, hakuna anayekataliwa. Na kwa Kiswahili, safari isiyo na hodi ni kitu cha ajabu kidogo.

Sisemi hivyo kwa kupenda ya kale tu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani kitabu kinachoitwa Safari za Wasuaheli, masimulizi ya wasafiri wa pwani waliokwenda bara na hata Urusi. Ukiyasoma leo, kinachokushangaza ni jinsi yanavyojali mambo ya kawaida: maji yako umbali gani, chakula kinapatikana kwa nini, mwenye nchi ni nani na anataka hongo kiasi gani ili msafara upite. Hongo wakati huo ilikuwa ada ya njia, kabla neno halijahamia kwenye vizuizi vya trafiki. Hao wasafiri hawakuwa malaika. Misafara ya pwani ilibeba pembe na pia ilibeba watumwa, na mara nyingi mwenyeji anatazamwa kwa jicho la mtu anayepima mali. Lakini angalau mwenyeji yupo. Huwezi kupita nchi ya mtu kama vile hayupo, na msimulizi anajua kwamba hadithi yake imelala palepale, kwenye kuomba, kukataliwa, kubembeleza, kupita.

Mmoja wa waandishi hao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, na maisha yake yana safari ya wawili ambayo ningependa kila anayemiliki droni aijue. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1904 akamwoa mwanamke Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja kwao, Afrika Mashariki, mume na mke. Serikali ya kikoloni ya Kijerumani ikawakatalia. Mwafrika na mke Mzungu, wakaonekane wapi? Walirudishwa Ujerumani, na Mtoro alikaa huko hadi alipofariki mwaka 1927. Mtu aliyeandika safari za nyumbani akazuiwa kuingia nyumbani kwa sababu ya aliyekuwa naye ubavuni. Nikitazama wapenzi wetu wakiteleza kutoka Nyali hadi Malindi bila mtu hata mmoja kuwauliza kitu, nafurahi kwa niaba ya Mtoro, kweli kabisa. Halafu nafikiria ni nani bado anaulizwa pwani hii, kijana wa hapo hapo akipita mchangani mbele ya hoteli, na nafikiria kwamba kamera ilikuwa pale, imewashwa, na haikugeuka.

Sasa tuje msituni, maana huko ndiko mambo yanaharibika zaidi. Ukishapita Kilifi ukielekea kaskazini, upande wa kushoto unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke na kukusindikiza karibu hadi Gede. Ni kama kilomita za mraba 420, msitu mkavu mkubwa zaidi wa pwani uliobaki Afrika Mashariki. Ndani yake kuna bundi wa Sokoke, mdogo, urefu wa sentimita 16 hivi. Kuna mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga na matako ya rangi ya dhahabu, anayekimbia kama panya aliyechelewa kazini. Sizitaji hizi ili nionekane najua. Nazitaja kwa sababu kwenye video msitu huu hupewa sekunde nne, mti mti mti mti, wimbo unapanda, tumefika Watamu. Ni ukuta wa kijani wa kufanya gari jeupe lionekane jeupe zaidi.

Na msitu huu haujasimama kwa bahati. Watu wanaoishi kandokando yake wanahitaji kuni, mbao, shamba, na kila kizazi kina mwanasiasa aliyeuangalia na kuona viwanja. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede: wakulima wa vijiji jirani wanafuga vipepeo na kuwauza wakiwa bado pupa, wanasafirishwa ng'ambo na kutoka huko kwenye nyumba za maonyesho. Yaani kuna mama Gede ambaye ada ya shule ya mtoto wake imetegemea vipepeo walioanguliwa Ulaya. Hebu niambie ni mwandishi gani wa hadithi angeacha hiyo ipite dirishani. Wapenzi wetu wanageuka kulia kwenye makutano hayohayo, dakika chache tu kutoka hapo, kwenda kupiga picha ya chakula.

Kuna msitu mmoja ambao haungewaruhusu. Ukivuka Likoni kwenda kusini, mbele kidogo ya Diani, kuna Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya za Mijikenda, misitu mitakatifu ambayo UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Kinondo inapokea wageni, lakini kwa masharti. Unavua kofia. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni. Unaongozwa na mwenyeji, huendi peke yako. Huchumi jani. Na tafadhali, hakuna kubusiana humo ndani.

Napenda sana hilo sharti la mwisho. Si kwa sababu ya maadili, mimi si mzee wa kanisa. Napenda kwa sababu linawafanyia wapenzi kitu ambacho video haiwezi: linawaambia kwamba hapa ninyi si mada. Kuna waliowatangulia, wamezikwa humu, na mti huu una jina. Wakishavaa kaniki ile nyeusi wote wawili, dera la rangi ya embe limefunikwa, wanabaki watu wawili wanaomsikiliza wa tatu. Nimeona video chache zinazopitia Kinondo, na ajabu ni kwamba hizo ndizo dakika nzuri zaidi. Mwanamume anauliza swali la kweli. Mwanamke anamshika mkono polepole, halafu anakumbuka, anauachilia. Hakuna busu la machweo kwenye video yoyote linaloufikia huo mkono ulioachiliwa.

Masharti yanasaidia hata pale msafiri anapojiwekea mwenyewe. Mwaka 1982 mwandishi Julio Cortázar na mkewe Carol Dunlop walipanda kombi lao la Volkswagen na kwenda kutoka Paris hadi Marseille, safari ya siku moja tu kwa barabara kuu. Wao walichukua siku 33. Walijiwekea sheria: hakuna kutoka kwenye barabara hiyo, na kila siku kusimama kwenye vituo viwili vya mapumziko, cha pili ndicho cha kulala. Wakaandika walichokula, joto lilikuwa kiasi gani, nani alikuwa jirani yao kwenye maegesho, mchwa gani walipita. Vituo vingine ni vichaka vya miti na choo. Kitabu chao ni kimoja kati ya vitabu vya mapenzi vinavyonigusa zaidi, na hakina mandhari yoyote ya kadi ya posta. Carol alifariki mwaka huohuo, kitabu hakijamalizika. Julio alikikamilisha bila yeye. Hilo linakipa uzito, sikatai, lakini uzito ulikuwepo tayari kwenye orodha za chakula.

Wanaorudi Nairobi siku hizi wengi hawarudii njia ileile. Kutoka Malindi wanashika ya Sala Gate, wakate Tsavo Mashariki, watokee Voi. Droni inapenda njia hiyo: vumbi jekundu, vichaka hadi mwisho wa macho, "tumepotelea porini" na kicheko. Njia hiyo inapita upande wa Shakahola. Tangu 2023 zaidi ya miili 400 imefukuliwa kwenye msitu ule, watu waliofunga hadi kufa, watoto wakiwemo. Simwambii mtu aweke maombolezo kwenye video ya likizo. Lakini kuna maneno ambayo yakishatokea jambo kama hilo hayabaki yalivyokuwa, na "kupotelea porini" ukiwa umetoka Malindi ni mojawapo. Mtu aliyesimama mara moja kuuliza njia, akanunua soda, akasikia jina la mahali alipo, asingeisema hivyo. Ni suala la sikio tu, na mwandishi yeyote, hata wa kamera, anaishi kwa sikio.

Nimalizie na video moja ambayo sitaitaja, wenyewe wasije wakavamiwa kwenye komenti. Ni ya kawaida kabisa, kahawa, mkono dirishani, kila kitu. Ila pale Kilifi, karibu na daraja, wanasimama kununua korosho, na kamera imesahaulika imewashwa juu ya dashibodi. Picha imekaa upande, tunaona nusu ya usukani na kitambaa cha kichwa cha mama muuzaji. Kijana anajaribu kupunguza bei. Mama anamwangalia yule dada, anamrudia kijana.

"Kaka, huyu ni mkeo ama ni mgeni tu?"

Kimya. Sekunde mbili, labda tatu. Gari la mizigo linapita. Dada anacheka kicheko ambacho hatujakisikia popote kwenye zile dakika 20, kifupi, cha puani, na kusema, "Mjibu mama." Kijana anasema, "Nipe tu hizo mbili, sawa, kwa hiyo bei." Mama naye anaanza kusema kitu, "Basi mwanangu, mimi ninge—", na hapo wamekata. Droni iko juu ya mkondo, maji ni ya samawati, wimbo umerudi, na mimi nimerudisha nyuma mara tano nikitafuta alichotaka kusema.