Ilikubaliwa na Nani? Umbo la Barua ya Mchango wa Shule

Barua ya mchango wa shule huwa nusu karatasi. Huchapwa mbili kwenye A4 moja, ikakatwa katikati kwa rula ili kubana matumizi, ndiyo maana ukingo wake mmoja umenyooka na mwingine una nyuzinyuzi. Juu kuna jina la halmashauri, chini yake jina la shule, tarehe, kisha YAH: na kichwa cha habari kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari. Mwishoni kuna sahihi na muhuri. Mzazi wa Nyashimo, mji uliofanywa makao makuu ya Wilaya ya Busega baada ya wilaya hiyo kumegwa kutoka Magu na Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, anaijua sura hii kabla hajasoma neno hata moja.

Tunahakiki riwaya, tunahakiki mashairi, tunahakiki hata hotuba za wanasiasa, lakini andishi hili linaloingia kwenye nyumba nyingi kuliko riwaya yoyote halijapata mhakiki. Linastahili. Wazazi wanaponung'unika kuhusu michango, watu huwahi kusema kwamba kinachowauma ni kiasi cha fedha. Kiasi kinauma, sibishi. Ila naamini sehemu kubwa ya uchungu ule inatokana na jinsi barua yenyewe ilivyojengwa, kwani haimwachii mzazi mlango wa kujibu.

Nachukua barua ya kawaida, ya mtindo ulioenea nchini, bila kuinyooshea kidole shule yoyote. Mwili wake hauzidi sentensi tatu nne. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Unakumbushwa kwamba ilikubaliwa kila mzazi achangie kiasi kilichotajwa. Fedha inatakiwa kufika kabla ya tarehe fulani. Atakayeshindwa kutekeleza, hatua zitachukuliwa dhidi yake.

Tazama vitenzi. Unakumbushwa, ilikubaliwa, inatakiwa, zitachukuliwa: vyote vimo katika kauli ya kutendwa, na hakuna hata kimoja kilichofuatwa na "na" ya kumtaja mtendaji. Nani anakumbusha? Nani alikubali? Nani atachukua hatua, na ni hatua gani? Kitenzi cha kwanza kinafanya kazi nzito kuliko vyote, maana anayekumbushwa ni mtu ambaye tayari anajua na ameshaahidi. Kwa neno hilo moja ombi limegeuka deni, na mzazi ambaye hakuwapo kikaoni anaanza kusoma akiwa mdaiwa. Vitenzi vyenye mtu anayetenda ni viwili tu, achangie na atakayeshindwa, na vyote ni vya mzazi. Katika barua nzima yeye ndiye mtu pekee mwenye mikono, kwanza ya kutoa, kisha ya kukosa.

Weka barua hii kando ya maandishi yaliyoitangulia. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, uliotolewa Novemba mwaka huo, ulifuta ada na michango ya lazima katika shule za umma kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Kwa sekondari, ada iliyofutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ukafafanua utekelezaji, na umbo lake ni la mgawanyo wa kazi. Kila mhusika, kuanzia wizara, mkoa na mkurugenzi wa halmashauri hadi kamati ya shule, mwalimu mkuu na mzazi, amewekewa majukumu yake. Mzazi anapewa jukumu la sare, madaftari na kalamu, matibabu, na chakula cha mtoto wa kutwa. Unaweza kuugomea waraka huo, lakini ukiugomea unajua umemgomea nani na katika jambo gani. Huo ni uandishi wa kiserikali uliofanya kazi yake.

Waraka huo una ufa mmoja, nao umo kwenye chakula. Kwa mwanafunzi wa bweni serikali ilitaja kiwango, shilingi 1,500 kwa siku. Kwa mtoto wa kutwa jukumu limetajwa bila kipimo: kilo ngapi, mara ngapi kwa mwaka, nani apokee, nani ampikie mtoto ambaye wazazi wake hawakuleta. Pale waraka uliponyamaza, barua ya shule ikapata nafasi ya kusema. Debe la mahindi, kilo za maharage, fedha ya mpishi na fedha ya kuni vyote vinapitia humo, na nyuma yake hupenya vitu visivyohusiana na chungu.

Sasa tushuke kwenye jedwali, kwa kuwa hapo ndipo barua inaposomwa kwa kidole. Lina safu tatu: namba, aina ya mchango, kiasi. Mlinzi. Mtihani wa majaribio. Rimu ya karatasi. Dawati. Jumla. Mhasibu yeyote angeuliza upande wa pili uko wapi, yaani kilichopokelewa kutoka serikalini. Ruzuku ya shule za msingi inahesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo 6,000 ndizo zinazoelekezwa shuleni na 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shilingi 6,000 kwa miezi 12 ni 500 kwa mwezi kwa mtoto. Shule yenye watoto 900 inapata 450,000 kwa mwezi, na humo watoe chaki, mitihani, ukarabati, michezo na shajala za ofisi. Kiwango hicho kina historia. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ruzuku iliwekwa kwa dola 10 kwa mtoto, na wakati ule dola 10 zilikaribia shilingi 10,000. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, shilingi hizo hizo 10,000 hazikufika dola 5.

Safu ya nne ya kuonyesha ruzuku hiyo ingeandikwa, maana ya jedwali ingebadilika kabisa. Mzazi angeona kwamba mwalimu mkuu haombi kwa sababu ya tamaa, anaomba kwa sababu 500 haiwezi kumlipa mlinzi. Angeona pia kwamba swali lake linapaswa kupanda ngazi, liende halmashauri na hazina, wala si kuishia kwa mwalimu mwenye mshahara wa kubana kama yeye. Kwa kuiacha safu hiyo nje, barua inawagombanisha watu wawili ambao fedha haikuishia mikononi mwao.

Tarehe nayo ni sehemu ya umbo. Barua kubwa hufika Januari, kwa kuwa kalenda ya shule inaanzia hapo. Simiyu ni mkoa wa pamba. Januari pamba bado ni miche shambani, ya msimu uliopita imeshauzwa na fedha yake imekwenda, na msimu wa kununua haufunguliwi hadi Mei. Kwa familia za ziwani, upande wa Ghuba ya Speke, kuna mwezi angani wa kuhesabu: mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawavutwi na taa na kipato kinalala. Barua inasema "kabla ya tarehe 30" kana kwamba kila kaya ya Busega inapokea mshahara. Na pamba hiyo ikishauzwa, halmashauri inatoza ushuru wa mazao, ambao tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Ushuru huo mzazi haambiwi kwenye barua yoyote ulirudije kwa mtoto wake. Pamba yake imetozwa kwenye mzani, naye analipa tena kwenye dirisha la shule, na maandishi ya malipo haya mawili hayakutani popote.

Tukirudi kwenye "ilikubaliwa", yapo maandishi nyuma yake, nayo ni muhtasari wa kikao cha wazazi. Aliyewahi kuushika anaijua sentensi yake pendwa, kwamba wajumbe waliridhia kwa kauli moja. Kauli moja inamfuta mama aliyesimama nyuma akauliza mchango wa mwaka jana ulifanya nini. Akibahatika kuingia kwenye karatasi, ataingia hivi: mjumbe mmoja alitaka kujua matumizi ya mchango uliopita, na mwenyekiti alitoa ufafanuzi. Ufafanuzi upi? Muhtasari hausemi. Umeandika kwamba jibu lilitolewa, ukaliacha jibu lenyewe. Sijui aina nyingine ya maandishi ya Kiswahili yenye ustadi wa namna hii wa kulihifadhi swali huku ikilipoteza jibu, na nina hakika mara nyingi mwandishi wake hakukusudia ubaya wowote. Alifundishwa kwamba ndivyo muhtasari unavyoandikwa.

Januari 2018 Rais John Magufuli aliingia kati kwa agizo la mdomo: michango marufuku, mwalimu asiguse fedha ya mzazi, na anayetaka kuchangia kwa hiari yake apeleke kwa mkurugenzi. Lilikuwa na nguvu ya kauli ya mdomo, mtendaji yupo na kitendo kipo, na wazazi wengi walipumua. Halikusema mlinzi alipwe na nani kuanzia mwezi uliofuata. Zipo barua zilizojibu hali hiyo kwa kuongeza neno HIARI kwenye kichwa, huku chini ya kichwa kiasi kikibaki kilekile, tarehe ya mwisho ikibaki, na onyo likibaki. Hiari yenye tarehe ya mwisho ni barua mbili zilizobandikwa pamoja, moja imeandikiwa mkaguzi na nyingine mzazi.

Nyingine zikaacha kabisa kuandikwa. Mtoto anafika nyumbani jioni, anamwambia mama yake: "Mwalimu amesema kesho nisije bila hela ya mtihani." Hapa uhakiki unaishiwa cha kushika. Hakuna tarehe, muhuri, sahihi wala jedwali, na mbebaji wa ujumbe ndiye atakayesimamishwa mstarini kesho yake. Ndiyo maana, pamoja na yote niliyoilaumu, naitetea ile nusu karatasi. Mzazi anaweza kuikunja, akavuka barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma inayopita Nyashimo, akaenda nayo kwa diwani au ofisi ya mkurugenzi, akaweka kidole kwenye "ilikubaliwa" na kuuliza: na nani, siku gani, na ruzuku ya shule hii mwezi huo ilikuwa kiasi gani?